Kila Jibu Lina Mwenyewe

Somo la kujifunza pamoja: kupunguza majibu yasiyo ya lazima katika barua pepe na makundi ya simu

Lengo la somo: Mwisho wa somo hili, kila kiongozi na kila familia wataweza kutofautisha jibu la watu wote na jibu la mtu mmoja, na kukubaliana juu ya masharti machache ya mawasiliano katika kamati yao.

Muda: saa moja na nusu. Vifaa: ubao au karatasi kubwa, na simu moja yenye kundi la WhatsApp au barua pepe.



Mtu anayeishi Kisangani anaijua thamani ya nafasi ndani ya mtumbwi. Anayetoka Lubunga kwenda Makiso hana budi kuvuka mto, na mtumbwi una nafasi zake. Ukijazwa na watu wanaoingia kwa ajili ya kusalimia tu, mgonjwa anayepelekwa hospitali atabaki ukingoni. Hakuna aliyemnyima nafasi kwa chuki. Kila mmoja aliingia kwa nia njema, lakini mgonjwa amebaki.

Njia ya habari nayo iko hivyo. Mgogoro wa ardhi kati ya jamaa za Mbole na Lengola ulianza upande wa Lubunga mwezi wa Februari 2023. Maelfu ya watu waliacha nyumba na mashamba yao, na wengi walikimbilia mjini Kisangani. Kwa familia iliyohama, habari ni kama chakula: ni siku gani watoto wataandikishwa, ni barabara gani ina hatari, ni nani ameonekana na ni nani bado anatafutwa. Siku hizi habari hizo hupita katika makundi ya WhatsApp na katika barua pepe za ofisi. Kwa hiyo anayejaza njia hiyo kwa maneno yasiyo ya lazima anachukua nafasi ya mwingine, hata kama hakukusudia.

1. Tatizo lenyewe

Tuchukue mfano. Kamati moja ya watu waliohama ina kundi la watu 60: wawakilishi wa familia, chifu wa mtaa, muuguzi na mfanyakazi wa shirika. Siku ya Ijumaa jioni katibu anaandika: “Jumanne saa 2 asubuhi, uandikishaji wa watoto wasio na hati ya kuzaliwa. Mzazi aje na mtoto.” Mara moja majibu yanaanza: “Asante sana.” “Amina.” “Mungu awabariki.” “Tumepokea, papa katibu.” Mwingine anauliza habari za mvua. Wa tatu anatuma picha ya maua ya kutakia usiku mwema.

Jumapili mama mmoja anapata pesa kidogo ya megabaiti. Simu yake ni ya nyumba nzima, na ilichajiwa kwa jirani. Anaifungua na kukuta “asante” nyingi, picha ya maua, na mabishano mafupi juu ya mvua. Anasoma za mwisho tatu, anafunga. Tangazo liko juu kabisa, hakulifikia. Jumanne mwanawe hayumo kwenye orodha.

Nani mwenye kosa? Katibu aliandika vizuri, na wale waliojibu walijibu kwa adabu. Mama naye alisoma kadiri ya uwezo wake. Kosa liko katika desturi: tulizoea kwamba kila ujumbe uliotumwa kwa wote hujibiwa kwa wote.

2. Tufanye hesabu

Mwezeshaji aandike hesabu hii ubaoni. Katika kundi la watu 60, watu 30 wakijibu “asante” kwa wote, kila “asante” inaingia katika simu 59. Mara 30 ni jumbe 1,770. Kama kila mtu anatumia sekunde 10 tu kutazama kila jibu, jumla ni sekunde 17,700. Hiyo ni karibu saa 5 za watu, kwa ajili ya neno moja ambalo katibu peke yake ndiye aliyelihitaji. Na hatujahesabu bado megabaiti na moto wa betri.

3. Haikutokea kwetu tu

Tusifikiri kwamba shida hii ni ya watu wasiojua mashine. Mwaka 1997, ndani ya kampuni ya Microsoft huko Marekani, mfanyakazi mmoja aligundua kwamba jina lake limo katika orodha ya barua pepe asiyoijua. Aliandika kwa orodha nzima akiomba aondolewe. Orodha hiyo ilikuwa na watu wapatao 13,000. Wengine wakajibu wote: “Na mimi pia niondoeni!” Wengine wakawajibu hao, tena kwa wote, kuwaambia waache kuwajibu wote. Mitambo ya barua za kampuni ikalemewa. Kumbuka kwamba hao ndio watu waliokuwa wakitengeneza programu za barua pepe.

Tarehe 14 Novemba 2016 jambo la namna hiyo liliipata huduma ya afya ya serikali ya Uingereza. Barua moja ya majaribio ilitumwa kwa bahati mbaya kwa wafanyakazi zaidi ya 800,000. Watu wakaanza kujibu wote, wakiuliza ni nini na kuomba waondolewe. Katika muda wa dakika 75 hivi zilipita barua zipatazo milioni 500, na barua za kawaida za wafanyakazi zikachelewa. Fikiria daktari anayengoja jibu la maabara katikati ya mafuriko hayo.

Visa hivi viwili vinafundisha jambo moja. Barua ya kwanza peke yake haikuleta madhara makubwa. Madhara yaliletwa na majibu, na sehemu kubwa ya majibu hayo ilitoka kwa watu waliotaka kelele zikome. Kwa hiyo ukiona kelele katika kundi, usiandike kwa wote “acheni kelele.” Nyamaza, kisha mwandikie msimamizi peke yake.

4. Walokele na ngoma yao

Hapa kwetu Tshopo somo hili ni la zamani kuliko simu. Walokele, wanaoishi kandokando ya mto kuanzia karibu na Kisangani kuelekea Isangi, walikuwa wakipeleka habari kwa ngoma ya gogo. Gogo hilo lilichimbwa ndani kupitia mwanya mrefu. Upande mmoja wa mwanya ulitoa sauti ya juu, upande wa pili sauti ya chini. Kwa kuwa lugha ya Kilokele hutofautisha maneno kwa sauti za juu na za chini, ngoma iliweza kuyafuata maneno yenyewe. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi Yakusu, alijifunza ngoma hiyo na kutoa kitabu juu yake mwaka 1949.

Tuangalie jinsi ilivyotumika. Sauti ya ngoma ilisikika kilomita kadhaa, na kila mwenye masikio aliisikia. Ilikuwa kweli habari ya wote. Lakini kila mtu alikuwa na jina lake la ngoma, jina refu lisiloweza kuchanganywa na la mwingine. Mpigaji alipomtafuta mtu, alimwita kwa jina hilo. Hivyo waliosikia walijua habari ni ya nani: mwenye jina ajiandae, wengine waendelee na kazi zao.

Sisi leo tuna chombo kinachofika mbali kuliko ngoma, lakini tumesahau jina la ngoma. Tunaandika “tunaomba jibu haraka” bila kusema nani ajibu. Matokeo yake wote wanajibu, au hajibu hata mmoja.

5. Hatari iliyo kubwa kuliko kelele

Mpaka hapa tumesema juu ya muda na megabaiti. Lakini kwa watu waliokimbia mapigano, jibu lililotumwa kwa wote linaweza kuumiza kwa njia mbili nyingine.

Kwanza, linaweza kufichua watu. Ofisi inaandika kwa watu 40: “Tunaomba idadi ya familia katika kila eneo.” Kiongozi mmoja anabonyeza “jibu wote” na kuambatisha orodha kamili: majina, vijiji walikotoka, nyumba wanamolala, namba za simu. Mahali ambapo jina na kijiji vinatosha kumwonyesha mtu kuwa ni wa upande fulani, orodha hiyo si karatasi ya kawaida. Miongoni mwa wale 40 yupo atakayeituma kwa mwingine, na huyo kwa mwingine. Ni vibaya zaidi kama katika jibu lako umetaja mama aliyebakwa au mtoto aliyetoka katika kundi la wenye silaha. Ujumbe ukishafika katika simu 40, kuufuta katika simu yako hakuurudishi.

Pili, linaweza kuwasha ugomvi. Mtu akikosea katika kundi, ukamsahihisha mbele ya wote, hataona usahihisho, ataona aibu. Atajitetea mbele ya wote. Ndugu zake watamtetea. Kabla ya jioni, neno lililokuwa juu ya ndoo za maji limekuwa neno juu ya kabila. Wazee wetu walijua kwamba kabla ya jambo kufika barazani, mtu huenda kwanza kumwona mwenzake nyumbani. Kumwandikia mtu peke yake ndiyo kubisha hodi mlangoni pake.

6. Je, kunyamaza si dharau?

Wengine watapinga, na wana sababu. Kwetu, mtu akileta habari ya msiba ukanyamaza, umemtenga. Chifu akisema, kijana asipoitika, anaonekana hana heshima. Kwa hiyo kila mmoja anaandika “pole sana” au “ndiyo, chifu,” na anataka wote waone kwamba ameandika.

Heshima hiyo ni nzuri, tusiiue. Tuitafutie njia. Matangani watu wengi huja, lakini hawasemi wote kwa mara moja. Msemaji mmoja husimama kwa niaba ya jamaa. Kundi la simu linaweza kufanya hivyo: mmoja aliyechaguliwa anaandika pole kwa niaba ya wote, na wengine wanampigia mfiwa au wanamwandikia yeye mwenyewe. Mfiwa atafarijika zaidi kwa maneno yaliyoelekezwa kwake kuliko kwa mistari 50 inayofanana.

Tena WhatsApp, tangu mwaka 2022, inaruhusu kuweka alama ya kidole gumba au ya moyo juu ya ujumbe wenyewe. Alama hiyo haiongezi mstari mpya katika kundi. Mwandishi anaona kwamba umesoma, na tangazo linabaki mahali pake.

Lakini desturi hii haitabadilika kama viongozi wenyewe hawakusema. Papa chifu au mama prezida wa kamati ndiye anayepaswa kutamka wazi: “Mkisoma tangazo langu mkanyamaza, sitahesabu kuwa ni dharau.” Neno hilo likitoka kwake, vijana watapumua.

7. Majibu ambayo ni haki ya wote

Sasa tuangalie upande wa pili, maana somo hili linaweza kutumiwa vibaya. Kiongozi asiyependa maswali anaweza kusema: “Kuanzia leo, hakuna kujibu katika kundi.” WhatsApp inaruhusu, tangu mwaka 2018, wasimamizi peke yao kuandika. Chombo hicho kinafaa kwa matangazo. Hakifai kwa kufunga watu midomo.

Yapo majibu yanayopaswa kuwafikia wote:

– Hesabu ya msaada. Mtu akiuliza mbele ya wote “mifuko ya mchele ilikuwa mingapi, na iligawanywa vipi?”, swali hilo ni la wote na jibu lake ni la wote. Kumwita pembeni ili kumjibu peke yake huzaa mashaka.

– Usahihisho wa tangazo. Kama siku au mahali vimebadilika, au kama tangazo lina kosa linaloweza kupoteza watu, wote waambiwe upesi.

– Kukanusha uvumi ambao wote wameshausoma. Anayekanusha awe mtu aliyethibitisha, aseme alivyothibitisha, na aseme mara moja. Watu 20 wakiujadili uvumi, wanaueneza.

– Swali ambalo wengi wanalo. Mama akiuliza “asiye na kadi ya uchaguzi anaweza kuandikishwa?”, kumjibu yeye peke yake ni kuwanyima wengine.

Basi kipimo chetu si idadi ya maneno. Kipimo ni hiki: nani anakosa kitu akikosa jibu hili? Kama ni mmoja, mjibu mmoja. Kama ni wote, wajibu wote bila woga.

8. Masharti saba ya kuanzia

Kamati inaweza kuyapunguza au kuyaongeza. La muhimu ni yakubaliwe na wote, wanawake na vijana wakiwemo, na yasomwe kwa sauti kwa wasiojua kusoma.

1) Anayetuma ataje anayejibu. Mwishoni mwa kila ujumbe aandike: “Si lazima kujibu,” au “Wakuu wa maeneo tu wanijibu mimi, kabla ya Jumatano.” Hilo ndilo jina la ngoma.

2) Kabla ya kubonyeza, hesabu mpaka tano na soma majina ya wanaopokea.

3) Katika barua pepe, weka kila mtu mahali pake. Mstari wa kwanza ni wa wale wanaotakiwa kutenda. Mstari wa nakala ni wa wale wanaotakiwa kujua tu, na anayepokea nakala kwa kawaida hajibu. Mstari wa nakala iliyofichwa hutumika unapoandikia watu wengi wasiofahamiana: anwani zao hazionekani, na mmoja akibonyeza “jibu wote,” jibu lake halisambai kwao. Zamani, katika ofisi za mashine ya chapa, nakala ilitolewa kwa karatasi ya kaboni, na kila nakala iliongeza jasho. Kwa hiyo mkarani alijiuliza: huyu anaihitaji kweli? Leo nakala haina jasho, lakini swali ni lile lile.

4) Orodha za majina, habari za wagonjwa na habari za waliotendewa ukatili zisipite kamwe katika kundi. Zipelekwe kwa mhusika mmoja, kwa mkono ikiwezekana.

5) Kama unataka kumkosoa mtu, mpigie au mwendee. Usimwandikie mbele ya watu.

6) Tenganisheni njia. Kundi moja la matangazo, wasimamizi tu waandike. Kundi jingine la mazungumzo, ambamo salamu, pole na furaha zina ruhusa. Watu wanahitaji kucheka pia. Maswali juu ya matangazo yaulizwe katika kundi la mazungumzo, na katibu awe na wajibu wa kuyajibu humo kila siku.

7) Tangazo kubwa lirudiwe nje ya simu: kwa mdomo, katika ibada, kwenye bomba la maji, kwa karatasi iliyobandikwa. Wengi hawana simu, na hao mara nyingi ndio wenye shida zaidi.

9. Zoezi

Gawanyikeni katika vikundi vya watu watano. Kwa kila ujumbe hapa chini, amueni: jibu kwa wote, jibu kwa mmoja, alama tu, au kunyamaza? Toeni sababu.

a) Muuguzi ametangaza siku ya chanjo. Unataka kushukuru.
b) Umegundua kwamba siku aliyoandika muuguzi ni Jumapili, na kituo hufungwa Jumapili.
c) Ofisi imeomba taarifa ya watu waliotoka katika kijiji chenu baada ya shambulio.
d) Mtu ameandika katika kundi kwamba upande mwingine unajiandaa kushambulia usiku huu. Hakutaja alikoipata habari.
e) Mjumbe ameuliza kwa nini familia yake haikupata sabuni.

Maoni kwa mwezeshaji: Katika (a) alama inatosha. Katika (b) mpigie muuguzi kwanza ili asahihishe mwenyewe mbele ya wote. Asipopatikana, waambie wote. Jibu la (c) ni kwa mmoja, bila nakala. Katika (d) usiutume mbele wala usibishane. Mpigie mara moja kiongozi wa usalama wa kamati, naye akithibitisha ndiye atakayewaambia wote. Ujumbe wa (e) una sehemu mbili: habari za familia hiyo ajibiwe mwenyewe, lakini utaratibu wa mgawanyo waelezwe wote. Vikundi vikitofautiana, msiharakishe. Mabishano hayo ndiyo somo.

Maswali ya kujadiliana

– Juma lililopita, ni ujumbe gani wa maana ulikupita? Ulifunikwa na nini?
– Nani katika kamati yetu hawezi kusema katika kundi, hata akiwa na haki? Kwa nini?
– Kama simu ya mmoja wetu ingeshikwa na mtu mbaya leo, angekuta majina ya nani?

Tendo la juma hili

Kila mshiriki, kwa siku saba, ajiulize kabla ya kila jibu: “Jibu hili ni la nani?” Katibu ahesabu jumbe za kundi juma hili na juma lijalo, na alete hesabu mbili kwenye kikao. Tusisifu kupungua peke yake. Tuulize pia: je, tangazo la mwisho lilimfikia yule mama mwenye simu ya nyumba nzima? Kama lilimfikia, na mwanawe akaandikishwa, basi mtumbwi ulimwachia nafasi.